Tungule Zisizo na Tundu

Jumatatu, 6 Oktoba
Viwavi tena. Asubuhi nzima nawaminya kwa vidole, mmoja mmoja. Kefule! Ukipasua tungule, ndani ni uji wa kijani na kinyesi chao. Nimewapiga dawa mara tatu, wanaioga tu. Jumamosi dada Mwanaisha anamwoza bintiye, na nyanya zote za kachumbari, tungule hizi hizi, nimeahidi zitatoka shambani kwangu, hapa Jomvu Kuu. Nilijitapa mbele za watu.

Jumanne, 7 Oktoba
Duka la dawa za mimea, Changamwe. Muuzaji kanieleza: viwavi wameizoea dawa, wanaivunja tumboni kabla haijawaua. Kanipa chupa ya pili, kiongeza makali. Yenyewe haiui. Humnyima kiwavi nguvu za kuivunja dawa. Unaichanganya na ile ile ya zamani. Akasema mara mbili: usichume mpaka siku saba ziishe, sumu ipungue. Nikaitikia. Nimepiga alasiri.

Alhamisi, 9 Oktoba
Wamekufa. Wananing'inia majanini, weusi, wametepeta. Nimefurahi na kuona kinyaa kwa pamoja.

Tungule zilizosalia zinang'aa. Habari ya siku saba sijamwambia dada. Naona haya. Kesho baada ya swala nitanunua nyingine sokoni nimpelekee, asijue.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimetoka msikitini, nakuta shamba tupu. Dada alikuja na wenzake, wamechuma kreti tatu.

Nilikwenda mbio kwake, maneno yako mdomoni. Ua limejaa wanawake, wanaosha tungule. Dada akainua moja juu. "Tazameni! Za ndugu yangu hizi. Wallahi hazina hata tundu!" Vigelegele. Nikacheka nao. Nikarudi nyumbani. Mimi ni mchafu kuliko wale viwavi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Harusi. Nimekula pilau kavu. Kachumbari imepita mbele yangu mara nne. Watoto wanakunywa maji yake, wanainua sahani kabisa. Nilijiambia zimeoshwa. Nilijiambia dawa yenyewe ni kidogo. Uongo wa mtu mwoga. Watu wananishika mkono, wananisifu, nami natabasamu kama hayawani.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimepita nyumba kwa nyumba, najifanya nawajulia hali. Hakuna anayeumwa tumbo. Alhamdulillahi. Kinyaa hakijanitoka, na si cha viwavi.

Jioni dada kaja na bakuli, kalifunika kawa. "Jana nilikuona, hukuipata kachumbari. Nikakuwekea." Imelala, imelainika, limau limezidi. Akaketi kungoja bakuli lake, ananisimulia harusi. Nimekula yote. Maji ya chini nimeyanywa. Kisha nimeliosha bakuli, nikampa.