Neno Toto kwenye Barua ya Mwaliko

Masinya, Busia
Tarehe 9 Machi

Mwanangu Resty,

Pokea salamu za nyumba nzima. Hujambo wewe na huyo aliye tumboni? Anacheza vizuri? Sisi wazima. Mjomba wako Edimu bado anamaliza sahani mbili na kudai hana hamu ya chakula. Ndiye atakayeipiga picha barua hii akutumie kwa simu. Nimeona niandike, maana maneno haya nikiyasema kwa mdomo nitalia, na bando litaisha bure.

Barua yako ya mwaliko ilifika salama, na muhuri wa huko Uholanzi unaonekana vizuri. Niliipeleka Tororo kwa Bwana Matayo anayejaza fomu za viza. Kumbe uliandika kwamba unamwalika "toto" wako Asekenye akae nawe siku tisini, akusaidie ukijifungua. Kwetu Wateso toto ni mama. Lakini Matayo si Mteso, ni Japadhola, akalisoma kwa Kiswahili chake, akajaza kwamba mimi ni mtoto wako. Mtoto wa miaka hamsini na nane! Makaratasi yakarudi na swali: imekuwaje mtoto amemzidi mama yake miaka ishirini na saba? Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Matayo akataka cheti chako cha kuzaliwa ili asahihishe. Pale kwenye jina la mama pameandikwa Akwi, marehemu dada yangu. Akaniambia kwa upole, "Mama, huyu binti aandike anti tu, mambo itaisha." Nikamjibu kwamba anti ni mtu wa kupita, akanywa chai akaenda zake, na mimi nimekubeba mgongoni tangu una miezi minne. Nikakusanya makaratasi yangu nikaondoka bila kuaga.

Sasa nikiri, mwanangu. Kila uliponipigia nilikwambia bado wanashughulikia. Nilikudanganya. Makaratasi yako chini ya godoro langu, wiki ya tatu hii. Niliogopa kwamba hilo neno anti likishapigwa muhuri, na wewe utaanza kuliamini. Sikuzaa mwingine, Resty. Ni wewe tu.

Lakini juzi uliposema daktari anaona mtoto atawahi, niliona aibu. Naringia neno wakati wewe unanihitaji! Leo asubuhi nimerudi kwa Matayo nikamwomba radhi. Anasema barua mpya ikifika kabla ya Ijumaa, bado tutawahi. Basi andika anti. Wakitaka jirani, andika jirani. Mimi nataka tu huyo mtoto akitoka, mikono ya kumpokea iwe hii yangu.

Msalimie mumeo. Mwambie nakuja na unga wa wimbi, ajiandae kula atapa, ugali wetu huo wa wimbi, kwa mikono. Edimu anakusalimu, mdomo umejaa.

Ni mimi anti yako (najizoeza),
Asekenye