Jiko la Mama Ngalula

Mjomba, shikamoo kutoka Likasi, ambako mvua haipumziki na viatu vyangu vina matope mekundu mpaka kwenye kamba.

Ulinifundisha kwamba bikoni moja, jiwe la alama la wapimaji, ni shahidi mmoja, lazima uulize na ya pili. Juzi nilikuwa napima njia ya mtaro mpya wa maji ya mvua huku mtaa wa Panda, kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi. Nikasimamisha mashine ya setilaiti juu ya bikoni moja tu. Mama Ngalula, mjane wa hapo, akaniambia, "Papa, ile libwe tuliitoshaka wakati ya kupitisha tuyo ya mayi, tukaiweka pembeni." Yaani lile jiwe la bikoni waliling'oa walipopitisha bomba la maji, wakaliweka pembeni. Nikacheka. Nikamwambia mashine yangu inasikiliza setilaiti ishirini, na kesho droni zitapima bila hata sisi. Nikachora msalaba mwekundu, alama ya kubomoa, kwenye ukuta wa jiko lake, naye akalibomoa mwenyewe kwa kuniamini.

Leo nimekagua kwa bikoni ya pili. Ile ya kwanza kweli ilihamishwa; mtaro ulikuwa haligusi jiko lake kabisa.

Nilipokwenda kuomba radhi nilimkuta anapika nje chini ya bati, moshi umemjaa machoni. Akanipakulia ugali wao, bukari, na kisamvu. "Kula kwanza, mwana yangu." Nikanawa, nikala.

Kesho naanza kumjengea. Msalimie Shangazi, na mgongo wako upate nafuu. Bahasha ninazo, Mjomba, ila nimeona kadi hii isafiri wazi, kila atakayeishika njiani asome alichofanya mpwa wako.