Wivu wangu kwa mkojo wa Amisi

Kabambare, Alhamisi, mwezi wa Novemba.

Mvua imenyesha toka alfajiri hadi saa tatu, kisha jua likatoka kali. Moyo wangu leo ni mbaya. Ninauandika hivyo hivyo ulivyo.

Ninamwonea Amisi wivu. Si kwa shamba lake wala nyumba yake. Ninamwonea wivu kwa mkojo wake.

Nieleze taratibu, kama nilivyozoea darasani. Mimi na Amisi tuna ugonjwa mmoja, ugonjwa wa sukari. Wali, muhogo, ndizi, hata malafu, pombe yetu ya michikichi, vyote vikiingia tumboni vinageuka sukari. Kwa mtu mzima wa afya sukari hiyo inaingia mwilini na kuwa nguvu. Kwetu sisi inabaki katika damu, na nyingine inatoka na mkojo. Hakuna maumivu, na hiyo ndiyo hila yake. Inakaa miaka ndani ya mtu ikiharibu macho, figo na miguu, na siku inapojionyesha, mtu amekwisha kuzeeka na hana tena nguvu ya kupigana nayo.

Kila Alhamisi tunakwenda dispansari kupimwa. Munganga anatia matone ya mkojo katika kichupa chembamba chenye dawa ya bluu, anakishika juu ya moto wa taa mpaka kichemke. Dawa ikibaki bluu, sukari hakuna. Ikiwa kijani, iko kidogo. Manjano, nyingi. Nyekundu kama tofali, hatari.

Leo dawa ya Amisi ilibaki bluu ile ile iliyotoka kwenye chupa.

Yangu ilipita kijani bila kusimama, ikawa manjano, na chini kabisa niliona wekundu unaanza.

Amisi hakusoma. Alikuwa kantonye, kibarua wa serikali wa kutunza barabara ya Kasongo, jembe begani miaka yote. Mimi ndiye niliyemweleza ugonjwa huu siku ya kwanza, nikimchorea tumbo na damu mchangani kwa kijiti. Leo mwanafunzi ana bluu, mwalimu ana manjano.

Kisha munganga akanivua kiatu. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kina kidonda toka mwezi wa tisa. Ni viatu vyangu vyeusi vya ngozi vilivyonichubua, vile ninavyovaa kanisani na siku Bwana administrata anapopita. Hakiumi hata kidogo, na nilimwambia hivyo kwa kujisifu. Akajibu kwamba kidole kisichouma ndicho anachokiogopa. Kama hakijaanza kufunga kabla ya Noeli, ataniandikia karatasi, nipande lori kwenda hospitali ya Kasongo wakakikate. Na wakianza na kidole, akasema, hajui wataishia wapi.

Akaniuliza ninakula nini. Nikamjibu kama mwanafunzi bora: chai bila sukari, wali sahani moja ndogo, mboga nyingi, malafu nimeacha.

Amisi alikuwa pembeni akifunga mshipi wake. Akacheka.

"Muwalimu, ile iko ya nyumbani. Na ya barzani, je? Pale unakula ya wamama sita!"

Ningempiga.

Ningempiga kwa sababu ni kweli. Saa sita mchana sisi wanaume wa mstari wetu wa nyumba tunakaa kwenye barza ya Mulamba, mshonaji. Kila mke anatuma chakula chake, nasi tunakula vyote pamoja. Ni lazima kugusa kila sahani. Ukiiruka sahani ya mwanamke, umesema mbele ya watu kwamba unauogopa mkono wake, kwamba anaweza kukutilia kitu. Nimeona ndugu wa damu wakiacha kusalimiana kwa ajili ya tonge ambalo halikuliwa. Basi nyumbani ninapima wali kwa kikombe, barzani ninakula sahani sita, na jioni ninajiona mtu wa nidhamu.

Amisi naye alitokaje katika mtego huo? Alisema tu. Miezi minne iliyopita, wali na kuku viko mbele yetu, aliondoa mkono wake, akatoa ile sauti yake ya kuita vibarua barabarani: "Ndugu zangu, mi niko nakojoa sukari. Sisimizi wanafuata njia yangu! Musinipe tena wali mingi, na wamama wasikasirike." Barza yote ikacheka mpaka Mulamba akapaliwa.

Nami nilicheka.

Nilikuwa na ugonjwa huo huo, karibu mwaka mzima. Nilicheka, halafu nikainua kidole na kuwaeleza wenzangu ugonjwa wa sukari ni nini, vizuri sana, kana kwamba nimekutana nao kitabuni tu. Amisi aliniangalia. Alijua, maana tunakaa benchi moja dispansari. Hakusema neno siku ile, wala hajamwambia mtu mpaka leo.

Toka hapo wanawake wanamtilia sombe ya majani ya muhogo, mchicha wa lengalenga, samaki wa kuchoma wa mto Luama, na bukari, ule ugali wetu, kiasi cha ngumi ya mtoto. Hakuna aliyekasirika. Mimi nimekaa karibu naye miezi minne nikimeza wali.

Leo saa sita nilifika barzani na bendeji mguuni. Mke wa Mulamba alikuwa ametuma wali na kuku wa mawese, harufu inaita. Wote walinyoosha mikono. Mimi nikaurudisha mkono wangu juu ya goti, nikasema. Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka: niko na ugonjwa wa Amisi, toka mwaka jana.

Mulamba akasema: "Kumbe ile siku ulikuwa natufundisha ugonjwa yako mwenyewe! Basi sisimizi wa Muwalimu wanajua kusoma!"

Walicheka sana. Nilistahili kila kicheko, nami sikucheka.

Kutoka nyuma, jikoni, mke wa Mulamba akaita: "Muwalimu! Na mafuta yote ile nilikuwa naongeza, sababu ulikuwa nasifu!" Hakukasirika. Alinihurumia, na huruma ilinichoma zaidi.

Halafu wakauliza nipewe nini sasa. Wakamuuliza Amisi! Mimi nimekaa pale na elimu yangu yote, wanamuuliza kantonye.

"Mumuulize yeye," Amisi akasema. "Ni Muwalimu alinifundisha mimi." Akasukuma sahani ya lengalenga ikae kati yetu wawili.

Nilitaka walau ajivune kidogo, nipate sababu ya kumchukia. Hakunipa hata hiyo.

Nimekula mboga, samaki, na bukari ngumi moja. Njaa iko hapa pamoja nami ninapoandika.

Munganga amekataza nisitembee mbali mpaka kidonda kifunge. Ameagiza pia kila jioni mtu mwingine aniangalie nyayo, kwa maana mguu uliopoteza hisia hauwezi kumwambia mwenyewe umechomwa na nini. Mama Feza, mke wangu, amezitazama leo kabla jua halijazama. Aliweka mguu wangu juu ya mapaja yake, akapita kila mahali kwa kidole kama anayechagua mchele.

Akauliza, "Na Amisi, nani anamuangaliaka?"

Amisi alifiwa na mkewe, na binti zake wameolewa Lusangi. Anatembea kutwa kwenye kokoto na sandali za mpira wa gari, na hakuna mtu duniani anayegeuza nyayo zake. Sijawahi kulifikiria hilo. Macho yangu yalikuwa kwenye kichupa.

"Umwite basi," akasema Mama Feza. "Nitakuwa naangalia zenu wote wawili."

Mke wangu ashike miguu ya Amisi? Bluu anayo, barza imempenda, na sasa mapaja ya mke wangu pia?

Hapana. Kesho nitamwita, lakini ataketi mbele yangu mimi. Nitavaa miwani, nitapiga magoti, na nyayo za Amisi nitaziangalia mwenyewe.