Mwanafunzi Namba 61

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiapiza kuandika humu kila siku. Mara ya mwisho niliapa Novemba. Haya.

Mwaka wa nne wa uzamivu. Cheo: mtafiti msaidizi, teknolojia ya ujifunzaji. Kazi yenyewe: kuchaji tableti sitini, kufuta makamasi kwenye vioo, kuwaambia watoto wa darasa la tatu kwamba hapana, hazina gemu. Majirani wananiita daktari. Juzi mmoja kaniletea mtoto mwenye kikohozi!

Leo lakini, neema. Takwimu (tunagawana meza ofisini, jina lake halisi sijui kama analikumbuka mwenyewe) kachora grafu. Watoto wanasoma hadithi kwa sauti, tableti inarekodi na kuhesabu makosa. Mistari ya wengi imelala doro. Wa Namba 61 unapanda! Wiki ya kwanza hata silabi zinamshinda. Wiki ya kumi anamaliza kurasa. Prof, msimamizi wangu, akavua miwani, akaifuta, akavaa. Akasema huyo ndiye tasnifu yako.

Nimerudi nyumbani kifua mbele. Shangazi alikuwa kwenye cherehani yake, pini mdomoni. Nikamweleza habari za 61. Hakuinua kichwa. Kauliza tu: huyo mtoto anaendelea vizuri kweli? Nikasema vizuri ajabu. Akapiga pedali.

Siku hizi haniombi hata nimsomee bili ya maji. Nahisi kanisusa kwa vyombo nisivyoosha.

Jumatano, 5 Machi

Prof anamtaka 61 kwenye kongamano Jumanne ijayo. Slaidi tano, na kipande cha sauti. Anasema wafadhili wamechoka na wastani, wanataka mtoto. Na ameshawaahidi: kesho yake, Jumatano, watakwenda shuleni kumpa mkono.

Takwimu, kalamu mdomoni, kasema mambo mawili. Moja: ukimtoa 61, matokeo yetu yanakufa. Tofauti inayobaki kati ya wenye tableti na wasio nazo ni ya aibu. Nikang'aka — nani kasema tumtoe? Pili: 61 anasoma sana Jumapili mchana. Jumapili tableti zimefungwa kabatini. Ufunguo ninao mimi.

Nikamjibu labda saa ya mashine imekosea. Miaka minne ya mafunzo ya utafiti, na hilo ndilo jibu langu.

Ijumaa, 7 Machi

Shuleni. Nikamuuliza mwalimu wa darasa, 61 ni nani, nimwandae kwa wageni. Kafungua daftari la mahudhurio, kashuka kwa kidole mpaka chini. Akasema orodha inaishia sitini, dada, na mlioileta ni nyie.

Mwandiko wangu. Sitini.

Ndipo nikakumbuka. Namba 61 niliifungua mwenyewe Desemba, kujaribu programu kwenye tableti ya akiba. Nikasahau kuifuta. Tableti ya akiba iko wapi? Nyumbani. Juu ya meza ya Shangazi, karibu na soketi, inachaji.

Hapana. Shangazi ana wateja, ana miwani, ana kila kitu. Labda mtoto wa mteja. Nimelala na hilo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesikiliza rekodi. Wiki ya kwanza: cherehani inanguruma, inanyamaza. Kisha sauti ya mtu mzima, ya chini, kama anayeiba: "ba... ba... bata."

Nikaruka hadi wiki ya sita. Anasoma sentensi nzima, polepole. Halafu kwa mbali kuna mtu anapiga kelele: "Shangazi! Chai ipo?" Na msomaji anajibu haraka: "Ngoja, namalizia pindo!"

Anayedai chai ni mimi.

Nimeketi sakafuni ofisini, spika za masikioni zimeniziba, nikajisikiliza nikidai chai mara saba katika wiki kumi. Takwimu kaniuliza kama naumwa. Miwani inayopotea kila barua ikija. Vipimo vya wateja vyote kichwani, tukimsifu ana kumbukumbu! Natafiti nani hajui kusoma na kwa nini. Miaka tisa naishi kwake.

Jumapili, 9 Machi

Saa nane mchana. Mtafiti wa elimu, sikio mlangoni. Alikuwa anasoma ile ya sungura na kisima. Nikaingia. Tableti ikaenda chini ya kitambaa.

"Nilikuwa naipangusa vumbi."

"Shangazi, nimesikia."

Akaushika mkasi, akauweka. "Umeshawaambia wenzako?"

Sijawahi kumwona akiogopa. Huyu ndiye aliyemfukuza mwizi kwa rula ya mbao! Akasema wateja wakijua, watasema miaka yote nimekuwa nikiitikia tu maandishi yao bila kuyasoma. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Mimi!

"Hicho kidude kila nikikigusa kinaniuliza, uko tayari tusome? Wewe hujaniuliza hata siku moja, mwanangu."

Nimelia jikoni. Halafu nimeosha vyombo vyote, hata visafi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempigia Prof asubuhi. Nikasema 61 ana tatizo la ridhaa. Hakuniacha nimalize: basi pata saini ya mzazi wake kabla ya saa kumi na moja, slaidi zinaondoka. Akakata simu.

Njia ni hizi. Nifute 61 niseme ni hitilafu ya mashine: Shangazi anabaki na siri yake, mimi naanza mwaka wa tano na uongo. Au niseme ukweli: si mtoto, ni fundi cherehani wa miaka hamsini na nane, kajifunza peke yake. Lakini sina haki ya kumtaja bila yeye kukubali. Sheria hiyo huwa nawafundisha wengine.

Nimechapa fomu ya ridhaa. Kurasa mbili, maneno nimetunga mimi, na leo ndiyo mara ya kwanza naona yalivyo magumu.

Saa kumi na nusu. Nimeketi mbele yake, nikakohoa, nikaanza kumsomea kama kawaida. Akanyoosha mkono. "Lete hapa." Miwani haikupotea. Ilikuwa mfukoni.

Anasoma. Naandika humu ili mikono yangu iwe na kazi. Kidole chake kiko mstari wa tano. Kauliza, "Mshiriki ndiye mimi?" Ndiye wewe. Midomo inatembea. Amefika pale pa kwamba anaweza kukataa bila kutoa sababu — anapasoma mara ya pili. Kalamu iko karibu na sanduku la pini. Hajaigusa.

Simu. Prof. Imekatika. Prof tena.

Saa kumi na dakika hamsini na nne. Hajainua kichwa.

"Mwambie asubiri," kasema. "Bado nasoma."