Utepe wa Mama Aliyekubali

Barotillo, Iloilo
14 Januari 2019

Mwanangu Nonoy,

Nimefika salama, magoti tu ndiyo yanailalamikia ile meli. U hali gani? Kikohozi kimepoa? Na huyo Rodel wako hajambo, naamini. Siulizi, nasema tu.

Ulitaka kujua nimelionaje kanisa lenu. Haya. Liko juu ya duka la kujaza maji. Viti vya plastiki, gitaa, na hakuna hata mtakatifu mmoja ukutani, ila bendera ya rangi zote kama kibanda cha peremende siku ya sherehe ya mji. Mchungaji ni mwanamke, nywele fupi kuliko zako, na anamwita Mungu "Mama". Mezani pa Bwana kila mtu anakaribishwa, hata asiyeungama! Mimi naivika joho sanamu ya Bikira wa Mateso kila Ijumaa Kuu tangu bibi yako afariki, na sijawahi kumgusa bila kuungama kwanza. Kanisa gani lisilomkataza mtu kitu? Hiyo ni stendi ya basi.

Halafu mkanisimamisha, mkanibandika utepe kifuani, mkanipigia makofi na picha. Makofi ya nini? Nilikuja kumwona mwanangu, nikanyamaza kwa adabu, basi. Hicho ni kilemba cha ukoka, sikitaki.

Tambi za pansit alizopika Rodel zilikuwa nzuri. Soya imezidi.

Kwenye shughuli yenu ya Mei siji.

Nanay


Quezon City
2 Februari 2019

Nanay mpenzi,

Naugusisha mkono wako kwenye paji langu kwa heshima, kutoka huku huku. Kikohozi kimekwisha. Magoti unayapaka mafuta ya nazi, au mpaka nije nikupake?

Stendi ya basi! Nilimsomea Mchungaji Lirio, akacheka mpaka akakaa chini, na Jumapili akalihubiri. Sasa sote huku tunaitana abiria.

Rodel amepunguza soya. Lakini Nanay, tarehe kumi na nane Mei tunabarikiwa ndoa mimi na yeye, wanaume wawili, na mama yake alishakufa. Usipokuja wewe, hakuna mama hata mmoja pale mbele. Huko Barotillo paroko alinikataza hata kusukuma gari la Bikira kwenye maandamano. Hapa ndipo nilipopewa kiti. Wacheke upendavyo, ila njoo uwacheke ukiwa umekaa karibu yangu.

Nonoy wako


Barotillo
3 Machi 2019

Nonoy,

Mimi mzima. Salamu zinaishia hapo maana nina hasira.

Binti wa jirani yetu Conching ameiona picha yangu Facebook, na utepe wenu kifuani, chini pameandikwa: MAMA ALIYEKUBALI. Nimekubali nini? Nani aliniuliza? Mnajigamba kwamba mnamsikiliza kila mtu, mkashindwa kumwuliza kikongwe mmoja swali moja!

Hata wali haujaiva, mji mzima umeshaiona. Conching akaja na sahani ya vitumbua na huruma yake ya kinafiki: "Pole, Manang Puring. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Sasa baraza la parokia linasema mtu wa namna yangu hafai kumvika Bikira. Bibi yako alimvika, na mama yake kabla yake. Nyinyi na utepe wenu mmeninyang'anya.

Nanay


Quezon City
10 Machi 2019

Nanay,

Najua hujalala vizuri. Nisamehe.

Picha imeondolewa. Mchungaji Lirio amelia, kisha akataka tukae duara tuzungumzie jeraha. Nikamwambia duara halimrudishii mama yangu Bikira wake. Tulikushangilia kwa jambo ambalo hujalifanya, kwa sababu tulilitamani mno, mimi kuliko wote.

Waambie ukweli, Nanay. Hujakubali. Najua hujakubali. Mvike Bikira wako. Habari za Mei sitakuuliza tena.

Nonoy


Barotillo
22 Aprili 2019

Mwanangu Nonoy,

Pasaka njema. Kimya changu kisikutishe, sikuugua. Nilikuwa na kesi.

Paroko alinikalisha mbele ya baraza, akasema kwa upole: "Manang Puring, sema tu kwamba picha ile ni ya uongo, na Ijumaa Kuu utamvika Bikira." Na kweli ni ya uongo! Nilishafungua mdomo. Conching akadakia: "Sema, Manang, usione haya. Nani anaweza kukubali kitu kama kile?"

Kitu. Wewe niliyekunyonyesha, uliyekuwa ukinibebea maua ya Bikira asubuhi kabla ya shule. Na anayesema ni Conching, ambaye mwanawe ana mke hapa na mke Cebu, na bado anabebeshwa msalaba mbele ya maandamano! Nyani haoni kundule. Nikamtazama paroko, nikimngoja amkemee. Akatazama saa yake.

Nikasema: "Picha ni ya kweli. Nimekubali, tena zamani." Nikachukua mwavuli wangu nikatoka.

Conching ndiye aliyemvika. Joho limepinda, pini zinaonekana, Mama wa Mungu utadhani anawahi sokoni. Nililia pale barabarani, sikufichi.

Sasa sikiliza. Nimelisema mbele ya paroko, tena ndani ya Kwaresima, na mimi si mwongo. Kwa hiyo itabidi liwe kweli. Nakuja Mei. Msinihubirie, msinikalishe duara, na kiti changu kiwe cha mbao. Kanisa lenu bado ni stendi ya basi. Mwambie Rodel apike pansit, na aniite Nanay, asiniite Bibie kama mgeni.

Ule utepe sikuutupa. Nitakuja nao, na safari hii nitaubandika mwenyewe.

Nanay