Msalaba Wako Nimeuandika Mimi

Papa,

Nimekaa juu ya ndoo yako ya rangi, ile uliyoigeuza kiti, na daftari la shule liko magotini. Msalaba wako umesimama kaburini tangu Jumapili. Nimeuandika mimi, na kuna mahali nimekosea. Nakueleza mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine.

Mama amerudi sokoni na samaki wake wa Kinkondja. Amevaa nguo nyeusi. Koti lako la reli bado liko kwenye msumari. Brosi zako za kupakia rangi zilikuwa zimekauka ngumu kama kuni, kwa sababu wiki ile ya homa hakuna aliyekumbuka kuziosha. Baba mkubwa alitaka kuzitupa. Nikazificha ndani ya mfuko wangu wa shule, kati ya vitabu, na sikumwambia mtu. Unajua mimi si mtu wa kubishana. Darasani hata jibu ninalolijua huwa nalimeza.

Siku ya familia kukaa, Baba mkubwa aliamua kitakachoandikwa chini ya jina lako. Kule makaburini watu wa reli wote wameandikiwa kazi zao, nawe ungeandikwa Fundi wa Mashine. Alisema miaka miwili ya kuchezea rangi si kazi, na kwamba wajukuu wake hawatasoma aibu ile. Kisha akanipa mimi msalaba, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Nikaitika kwa kichwa. Nisamehe, Papa. Niliitika.

Lakini usingizi haukuja vizuri siku zile. Nilikuwa nakuona siku ya kwanza kwa Fundi Kasongo, mwandika vibao. Wewe una miaka arobaini na tisa, yeye ana ishirini na nne, na ulimbeba mgongoni alipokuwa mtoto wa jirani. Ulishika ufagio bila kuambiwa. Ukamwita Mwalimu, naye aliona haya hadi akaangusha kopo. Baadaye mlizoeana. "Papa, leta brosi ndogo." "Ndiyo, Mwalimu." Watu walisimama barabarani kuwatazama. Baba mkubwa alikuja mwenyewe kukuchukua. Akasema, "Muntu muzima na mvi zake, anafagia kwa mutoto!" Nawe ulimjibu kaka yako huku unaendelea kufagia: "Mvi haijuwe kushika brosi, yaya. Minyi niko mwanafunzi."

Nilipokuuliza kwa nini uliacha mashine, ulisema mashine ukiitengeneza vizuri hakuna anayeitazama. Ulitaka kufanya kitu kimoja ambacho mtu anayepita atainua macho.

Na waliinua. Kibao chako cha kwanza kilikuwa cha duka la vitambaa la Mzee Ramazani. Mwalimu alikufundisha kuhesabu herufi na kuanzia katikati, lakini furaha ilikuzidi ukaanzia kushoto. DUKA LA ikatoka kubwa kama behewa, na VITAMBAA ikabanana mwishoni kama abiria wanaogombea mlango. Soko zima lilicheka. Mama alikasirika hata akakataa kupita njia ile. Ulipokwenda kuomba ukirudie, Mzee Ramazani alikataa. Alisema, "Iache. Watu wanasimama kuicheka, halafu wanaingia." Hadi leo kiko pale.

Ulipojifunza, ulijifunza kweli. Kibao cha kinyozi ni chako, na cha maternite wanakojifungulia akina mama pia, herufi zimenyooka kama reli. Hata hivyo, mtu akikuita fundi wa rangi ulimsahihisha. Bado, ulisema. Mwanafunzi.

Basi Jumamosi nikalowesha brosi zako ndani ya petroli mpaka zikalainika. Nikalaza msalaba uani. Jina lako nikalianzia katikati, likakaa vizuri. Halafu nikafika kwenye mstari wa chini, na mkono ukakataa ile kazi nyingine. Nikaandika MWANAFUNZI WA RANGI. Nilikuwa na hasira, Papa, na mtu mwenye hasira hahesabu herufi. Nikaanzia kushoto. MWANAFUNZI ikajaza ubao, na RANGI ikabanana ukingoni, herufi ya mwisho ikiwa nyembamba kama ukucha. Niliitazama, nikacheka peke yangu, kisha nikalia.

Jumapili asubuhi Baba mkubwa alifika na suti yake. Akasoma polepole.

"Futa iyi."

Nilisikia sauti yangu ikitoka, na haikuwa ndogo.

"Hapana, Baba mukubwa. Njo vile alikuwa, mwanafunzi."

Akamgeukia Mama. Yule Mama ambaye hakupita mbele ya kibao chako mwaka mzima. Mama akajifunga kitenge vizuri, akagusa ile RANGI kwa kidole, akakitazama kidole.

"Ilisha kauka," akasema. "Tuende."

Akauinua msalaba, akauweka begani mwake, akatangulia. Fundi Kasongo akamfuata na jembe, nami nyuma yao. Baba mkubwa alibaki uani, kisha nikasikia viatu vyake. Pale kaburini alipitisha kidole juu ya herufi zilizobanana na kusema mtoto huyu hana kipimo, kama baba yake. Sauti yake ilikatika kwenye maneno "baba yake".

Wanataka nisomee uuguzi. Mtihani wa serikali nitaufanya na nitaushinda, vitabu siviachi. Lakini jana baada ya shule nilikwenda kwa Fundi Kasongo. Nilimwita Mwalimu. Akanionyesha ufagio wako uliko. Wasichana wa darasa langu walikuwa wanapita barabarani, wakanicheka. Sikujificha ndani. Nilifagia mpaka mlangoni, Papa, mpaka pale wanaponiona vizuri.

Lala sasa. Kila kiangazi nitakuja na kopo na brosi zako, nipake upya jina lako. Nitakuwa nimejifunza kupima, hata kama itachukua miaka. Lakini ule mstari wa chini nitaupaka vilevile, umebanana, na atakayetaka kusimama acheke, asimame.

Binti yako, mwanafunzi.