Kata ya Kwanza

Jumatano, 1 Januari 1975

Sinywi tena. Basi. Tangu leo.

Najichukia! Siku ya Noeli, mchana kweupe, nimelitapikia gauni jeupe la Zita — mtoto wa miaka saba, na mama yake kalishona mwezi mzima. Kesho yake mke wangu Digna kamshika mtoto mkono, akapanda kwao Kibosho. Hata kunigombeza hakunigombeza. Gauni kaliacha kwenye beseni. Linanuka mbege iliyochacha, pombe yetu ya ndizi. Uchafu wangu huo.

Redio inahubiri kilimo cha kufa na kupona. Mimi langu la kufa na kupona ni koo.

Jumapili, 5 Januari

Siku ya tano, kavu! Nimejikata nikinyoa. Gauni nimelifua mara tatu. Harufu haitoki — au imeganda puani mwangu?

Shemeji Salvina kashuka na maneno ya dada yake. Digna yuko tayari kurudi. Ila akinusa pombe mdomoni mwangu, hata tone, nisimtafute tena maishani. Nikasema mwambie hatanusa kitu.

Jumanne, 7 Januari

Nimekwenda kwa baba mkwe, mzee Athanas. Shikamoo, marahaba, kigoda. Saa nne asubuhi, macho yake mekundu tayari! Kasema mke nitapewa, ila utaratibu naujua: Jumamosi nilete pipa la mbege, wazee wakae, na mimi niliyeileta ninywe kata ya kwanza mbele yao. Asiyeonja kaleta sumu.

Nikamwambia, baba, kilichomkimbiza Digna ni hiyo hiyo mbege. Kacheka mpaka kakohoa. Nani kakwambia ulewe? Onja tu.

Onja tu! Nimeshuka natema mate njia nzima.

Jumamosi, 11 Januari

Kibosho, nyuma ya migomba. Nimeaga naenda haja. Naandikia gotini.

Mbege kapika dada yangu Odilia. Wazee wamezunguka pipa pamoja na nzi, midomo inawacheza. Kinyaa! Nilimwomba mzee aonje yeye. Kauliza kama nataka afe yeye. Wakaangua kicheko. Digna kasimama mlango wa jikoni, furushi miguuni, Zita kavaa gauni nililolileta. Nilimtazama Digna, aseme neno kwa baba yake. Ananiangalia mdomo tu.

Wananiita. Mara ya pili hii.

Nitajaza mdomo, nigeuke, niteme. Kitu rahisi.

Uongo. Tangu nizaliwe sijawahi kutema mbege.